Nati Iliyofunguka Kawaida

Mtaani kwao, kama kuna mtu aliyezijua gesi, alikuwa ni Cheche. Miaka kumi na tisa alikuwa amesimama katikati ya mitungi, na hakuwahi kuunguza hata kope. Jina lenyewe alipewa na wateja, maana ukichungulia karakanani kwake ulikuwa humwoni mtu, unaona cheche tu zinaruka, halafu sauti nyuma ya ngao inakufokea: "Usitazame! Macho bado unayahitaji!" Alikuwa na majivuno, tusifichane. Fundi asiye na majivuno hata chembe usimpe geti lako.

Majivuno hayo yalikaa kwenye mkono wake wa kulia. Alifunga na kufungua mitungi bila kutazama, huku anabishana na mteja kuhusu vipimo vya dirisha. Na sheria ya mitungi kila mchomeleaji anaijua kabla hajaruhusiwa kushika tochi. Nati ya gesi inayowaka hulegezwa kwa kugeuzwa kulia, kinyume na nati zote za duniani. Nati ya hewa, ya oksijeni, ya kitu chochote kisichowaka, hulegezwa kwa kugeuzwa kushoto, kama kifuniko cha chupa. Waliotengeneza mitungi walifanya hivyo makusudi, ili mtu aliyechoka asije akafunga mpira kwenye mtungi usio wake akalipua mtaa mzima. Mafundi wenyewe hawasemi yote hayo. Wao husema tu, "Inawaka, kinyume. Haiwaki, kawaida." Maneno manne, na yamewaponya watu wengi.

Basi Cheche na mkewe, fundi cherehani mwenye maneno machache, walikaa miaka minane bila mtoto. Mambo waliyoambiwa na watu katika miaka hiyo minane siyasemi, nitamtukana mtu hapa. Mwaka wa tisa akazaliwa binti mwenye alama ndogo nyeusi chini ya jicho la kushoto, wakamwita Kidoti. Nao wakageuka baba Kidoti na mama Kidoti, majina waliyokuwa wameyasubiri mpaka wakaona aibu kuyasubiri.

Alipofika miezi mitano, Kidoti akaanza kuinama. Akiamka tu, amekalishwa mapajani, kichwa kinashuka, mikono miwili inatoka mbele, kisha anajinyoosha. Halafu tena. Halafu tena. Mara kumi, mara kumi na tano mfululizo, kama mtoto aliyefundishwa adabu. Cheche alifurahi kupita kiasi. "Anaamkia huyu!" akawatangazia majirani. "Nyie wenu wana miaka saba hawajui salamu, wangu ana miezi mitano ananipa shikamoo!" Na kila mtoto alipoinama, baba mtu aliitikia: "Marahaba, mama. Marahaba. Marahaba, mwanangu, inatosha, utachoka." Majirani wakaja kuona. Wiki tatu nzima nyumba ile ilicheka.

Daktari wa watoto ndiye aliyekizima kicheko. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa plasta upande mmoja, na sauti yake ilikuwa ya chini mpaka ulilazimika kuinama kumsikia. Alimtazama Kidoti akiinama mara nne, akaagiza afungwe nyaya kichwani, wapime mawimbi ya ubongo. Kisha akawaketisha. Ile shikamoo, akasema, ni kifafa. Kuna kifafa cha watoto wachanga ambacho hakina povu wala kelele, mtoto anainama tu, na kila anapoinama ubongo wake umepigwa shoti.

"Wewe fundi, unajua shoti," alisema. "Shoti moja haiunguzi nyumba. Lakini hizi ni sitini kwa siku."

Mama Kidoti akauliza kama ndiyo sababu mtoto ameacha kucheka. Yeye alidhani amekuwa mpole tu, amekua. Zamani alimfuata mtu kwa macho chumba kizima, sasa macho yanabaki palepale ulipoyaacha. Daktari akajibu kwamba ndiyo, ndivyo ugonjwa huu unavyofanya, unamnyang'anya mtoto vile alivyokwisha kujifunza, na kila siku inayopita bila kuinama huko kukoma, kuna kingine kinaondoka.

Tangu siku hiyo neno marahaba lilimkwama Cheche kooni. Watoto wa jirani wakimwamkia njiani, aliwapungia mkono tu akapita. Wakasema fundi amekuwa na maringo. Wangejua.

Wakamjaribu mtoto kwa sindano, mapaja yakajaa vinundu, akaendelea kuinama. Wakampa dawa ya unga, uso ukavimba akawa na mashavu ya tarumbeta, akaendelea kuinama. Mwezi ukakatika hivyo. Ndipo daktari akawaita tena, akafunga mlango.

"Nitawaambia ninachokijua na nisichokijua," alisema. "Pale wodi ya nyuma tunafanya utafiti. Watoto wanavutishwa gesi, masaa mawili kila siku, kwa siku thelathini. Kuna wanaoamini inaweza kuukinga ubongo usiungue zaidi, labda hata kupunguza kifafa. Mimi sijui. Ndiyo maana tunatafiti. Gesi yenyewe inaitwa hidrojeni."

Cheche akaruka kitini kama aliyekalia msumari. "Hidrojeni? Daktari, hilo ni bomu! Hiyo ikipata cheche moja, hapa hatuokoti hata kiatu!"

"Katika mia ni mbili tu, baba Kidoti. Tisini na nane zilizobaki ni hewa hii tunayovuta. Kwa kiasi hicho haiwaki, hata ukiiwashia kiberiti."

Cheche akashusha pumzi. Alitaka kusikia kwamba mtoto hatalipuka, akasikia, na masikio yake yakafungwa hapohapo. Binadamu ndivyo tulivyo. Tukipata jibu la hofu yetu, maneno mengine yote tunayaacha yapite kama magari.

Daktari akaendelea. Nusu ya watoto watavuta gesi, nusu watavuta hewa tupu, na aliyepanga nani avute nini ni kompyuta. Yeye daktari hajui, nesi hajui, mitungi yote ni myeupe na imeandikwa namba peke yake. Siri iko kwenye bahasha, itafunguliwa utafiti ukiisha. Na katika siku hizo thelathini mtoto haruhusiwi kuanzishiwa dawa nyingine mpya, ingawa ipo moja ya maji ambayo hawajaijaribu.

"Na kama atakuwa amepangiwa hewa tupu?" aliuliza mama Kidoti.

"Atakuwa amechelewa siku thelathini kuianza hiyo nyingine, mama. Sitakuficha. Lakini mna ruhusa ya kutoka siku yoyote mnayotaka, na hakuna atakayewakunjia uso."

Walikwenda kukaa kwenye benchi la nje, wakashika tama wote wawili. Mwishowe mama Kidoti akasimama, akajikung'uta gauni, akasema, "Twende tukatie saini. Nusu ni nyingi kuliko tulichonacho."

Chumba kilikuwa chembamba, kina kitanda kimoja, kiti kimoja, na dirisha linalotazama uwanja wa dobi ambako mashuka ya hospitali yalianikwa. Kando ya kitanda ulisimama mtungi mweupe, namba saba. Mpira ulitoka mtungini ukaingia kwenye kuba la plastiki ambalo kichwa cha Kidoti kililazwa ndani yake. Nesi alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye utani usiokauka. "Malkia ameingia!" alisema kila walipofika. "Na mlinzi wake, na mshonaji wake wa nguo! Mlinzi, vua viatu, hapa si karakana!" Hata Cheche, aliyekuwa amesahau kucheka, midomo ilimchezacheza.

Mama Kidoti alipewa daftari la mistari. Kazi yake ilikuwa kuhesabu, tangu mtoto anapofumbua macho asubuhi mpaka anapolala, na chini ya hesabu kulikuwa na nafasi ya kuandika lolote aliloliona. Alihesabu kama anavyohesabu vishikizo, midomo ikitikisika bila sauti. Siku ya kwanza, sitini na nne. Ya pili, sitini na moja. Ya tano ikapanda, sitini na sita, usiku ule hakula. Siku ya tisa, hamsini na mbili. Siku ya kumi na mbili, arobaini.

"Baba Kidoti, arobaini," alimwambia mumewe akiwa ameishika kalamu kwa mikono miwili.

"Nimekusikia," alijibu Cheche, akatoka nje haraka, maana mwanaume mzima hawezi kulilia tarakimu mbele ya nesi. Akalilia kwenye mashuka ya dobi. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze, alithubutu kumwona Kidoti kichwani mwake akitembea, akienda shule, akimjibu mama yake jeuri.

Siku ya kumi na tano mtungi ukaisha, ukaletwa mwingine wa namba ileile. Nesi akahangaika na nati ya kuungia mpira, jasho likamtoka.

"Fundi," aliita, "wewe si unaishi na vyuma? Hii imening'ang'ania. Hebu ilegeze, mimi mikono yangu ni ya kubembeleza."

Cheche akachukua spana. Moyoni alikuwa na gesi, tangu siku ile ya arobaini hakuwa tena na shaka kwamba ni gesi, na mkono ukaenda kulia wenyewe. Nati haikusogea. Akakaza meno, akaegemea. Wapi.

"Kushoto, fundi!" nesi akacheka. "Kushoto, kama bomba la maji! Eti fundi!"

Akageuza kushoto. Nati ikalegea kirahisi, kama iliyokuwa inamngoja. Cheche akabaki ameishika spana, anaitazama nati. Alimkabidhi nesi spana yake, akasema asante, akaketi.

Hakumwambia mtu hapo hospitali. Kwanza, ilikuwa siri ya bahasha, naye alikuwa ameifungua kwa mkono wake bila kukusudia. Pili, aliyemfungulisha ni nesi, na nesi yule alikuwa mtu mwema. Likijulikana, kazi yake ingeota nyasi. Akaibeba siri yake mpaka karakanani, kwa mwenzake aliyechangia naye paa, mzee mmoja aliyeitwa Bwana Geti kwa sababu miaka thelathini hakuwa ametengeneza kitu kingine.

"Mtungi una gesi inayowaka," Cheche alimuuliza, "nati yake inaweza kulegezwa kushoto?"

Bwana Geti akainua ngao, akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama jua linaweza kuchomoza jikoni. "Umeanza kuzeeka kabla yangu? Inawaka, kinyume. Haiwaki, kawaida. Kama imefunguka kawaida, ndugu yangu, hiyo ni hewa." Kisha akaona uso wa mwenzake, akaizima tochi. "Kuna nini?"

"Hakuna," alisema Cheche.

Siku mbili aliizungusha kichwani. Kumbe mtoto wake ni wa kipimo. Kumbe amelazwa pale ili watoto wa wenzake wapimwe kwa kumtazama yeye. Hasira zilimpanda, zikashuka, zikabaki hesabu: siku kumi na tano zimeliwa, kumi na tano bado zitaliwa, na dawa ya maji ipo kabatini, imekatazwa. Kila kuinama ni shoti. Kila siku mwanangu anavuta hewa kama mimi, na mimi baba yake ninajua na nimekaa kimya. Hapo mimi msimuliaji simlaumu. Ukimwondolea kile asichokijua, kila alichowaza kilikuwa cha baba mwenye akili timamu na mapenzi.

Siku ya kumi na saba alikwenda hospitali moja kwa moja kutoka kazini, na nguo za kazi. Mlangoni akavua viatu. Mkewe alikuwa amekaa na daftari mapajani, Kidoti ameshatolewa kwenye kuba, amelazwa kitandani kifudifudi, ameinuliwa kifua kwa mto. Cheche hakumtazama mtoto. Aliogopa akimtazama hatasema. Akapita polepole kutoka mlangoni mpaka dirishani, akawapa kisogo, akayakodolea macho mashuka. Nyuma yake mama Kidoti akavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema jambo.

"Baba Kidoti..."

"Ni hewa," alisema Cheche bila kugeuka. "Tunavutishwa hewa tupu."

Akamweleza yote, spana, kushoto, kulia, Bwana Geti. Mama Kidoti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua daftari, akaweka kidole chini ya namba.

"Lakini leo ni kumi na tisa, baba Kidoti. Tulianza na sitini na nne."

"Hewa haipunguzi kitu."

"Sasa nani amepunguza?"

"Unahesabu kwa matumaini, mama Kidoti. Unataka ziwe chache, unaziona chache." Alijua maneno hayo ni makali, akayasema hivyohivyo. "Naapa kwa mkono huu. Miaka kumi na tisa, huu umeshawahi kunidanganya? Tumeshampotezea siku kumi na saba. Nisimpotezee ya kumi na nane."

Mkewe akautazama ule mkono. Ndio uliojenga kitanda chao, ndio uliotengeneza cherehani yake ilipovunjika mguu, na kweli, haukuwahi kukosea. Akafunga daftari. Lile alilotaka kusema hakulisema.

Daktari aliwatolea fomu ya kuondoka, hakukunja uso kama alivyoahidi. Aliuliza swali moja tu: "Kuna kitu kimetokea, baba Kidoti? Niambie tu." Nesi alikuwa amesimama mlangoni amebeba taulo. Cheche akamtazama, akateremsha macho. "Hakuna, Daktari. Tumechoka tu," akasema, na mke wake akatia saini chini ya saini yake.

Dawa ya maji ikaanzwa kesho yake. Wiki ya kwanza, ishirini na tano. Ya pili, arobaini na nane. Ya nne, sabini. Wakaongeza kipimo, mtoto akalala mchana kutwa, akiamka anainama. Wakabadili dawa, wakabadili tena. Hakuna aliyemtaka mama Kidoti aandike tena, lakini aliendelea kuandika, daftari likajaa, akashonea karatasi nyingine nyuma yake kwa cherehani. Kidoti akatimiza mwaka, shingo bado laini. Akatimiza mwaka na miezi mitano, uso mzuri, ile alama chini ya jicho imekua pamoja naye, na macho yametulia mahali ambapo hapana mtu.

Hapo ndipo simu ikapigwa. Utafiti umeisha, bahasha zimefunguliwa, wazazi wanaotaka kujua waje, na wenye madaftari wayalete yanakiliwe. Cheche akasema haina haja, wao wanajua tayari. "Mimi nataka kusikia," alisema mama Kidoti. Alikuwa hajatumia neno nataka kwa muda mrefu, kwa hiyo wakaenda.

Daktari alikuwa na miwani mipya. Akamchukua Kidoti, akambeba kidogo, akamrudisha kwa mama yake. Akafungua jalada.

"Mtungi namba saba," alisema. "Alikuwa kwenye hidrojeni."

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli lenye gurudumu linalolia.

"Hapana," alisema Cheche. "Daktari, soma tena."

Akasoma tena, akamgeuzia karatasi aone mwenyewe.

"Nati ilifunguka kushoto!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Kushoto! Nimeifungua mimi, kwa mkono huu! Hidrojeni inawaka, na inayowaka ni..." Akasimama hapo katikati ya sentensi. Daktari alimtazama tu kwa huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko matusi. Na Cheche akasikia, wazi kabisa, kama limesemwa sasa hivi, jibu alilopewa mwaka uliopita kwa swali aliloliuliza yeye mwenyewe. Mbili katika mia. Kwa kiasi hicho haiwaki, hata ukiiwashia kiberiti.

"Haiwaki," alisema taratibu. "Haiwaki, kawaida."

"Ungeniambia," alisema daktari. "Siku ile nilikuuliza."

"Niliogopa nesi atafukuzwa."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akawaambia wasijihukumu. Watoto walikuwa wachache, matokeo hayajasema ndiyo wala hapana. Wapo waliovuta gesi hawakubadilika hata kidogo, wapo waliovuta hewa tupu wakapata nafuu, maana kifafa hiki huweza kutulia chenyewe na kurudi chenyewe. Labda Kidoti angebaki palepale. Labda zingerudi hata angemaliza siku thelathini. Hakuna mtu duniani anayeweza kusema.

"Tuanze tena," alisema Cheche. "Kesho. Hata leo."

"Utafiti umefungwa, baba Kidoti. Kibali kimeisha, na gesi hii bado si dawa ya mtu yeyote kuandikiwa. Na hata ukifunguliwa mwingine, wanaochukuliwa ni wale ambao hawajatimiza mwaka."

Cheche akautazama mkono wake wa kulia ulivyolala gotini. Alitamani usiwe wake. Alitamani mkewe ampige, amtukane, amlaani na ukoo wake wote, apate mahali pa kuanzia. Mama Kidoti hakufanya lolote kati ya hayo. Alimweka mtoto begani, akatoa daftari kwenye mfuko, akalifungua katikati bila kutafuta, kama mtu aliyelifungua hapo mara nyingi, akampa.

Ilikuwa siku ya kumi na saba. *Mara kumi na tisa.* Na chini yake, katika ile nafasi ya kuandika lolote aliloliona, kwa kalamu ileile: *Leo baba yake alipoingia, mtoto alimfuata kwa macho. Kutoka mlangoni mpaka dirishani. Hakumwacha.*

Cheche alisoma mara moja. Kisha akalia pale ofisini, mbele ya daktari, kwa sauti, kama watoto wanavyolia. Daktari akainuka akaenda kusimama nje ya mlango wake mwenyewe.

Walirudi nyumbani jua bado lipo. Mama Kidoti akamlaza mtoto kitandani kifudifudi, akamwinua kifua kwa mto, akaketi kwenye kiti cha cherehani. Cheche alikuwa amesimama kizingitini na viatu vyake. Akavivua. Akaingia, akapita mbele ya kitanda mpaka dirishani, akageuka haraka kutazama. Macho ya Kidoti yalikuwa yametua kwenye ukingo wa mto.

Akarudi mlangoni. Akapita tena, safari hii akipiga vidole, akiita jina lake. Mtoto akainama, mikono ikatoka mbele, akajinyoosha, akainama tena. Mama Kidoti akasogeza daftari, akaandika. Cheche akabaki dirishani, mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi.

"Siku ile hukuwa na haraka hivyo," alisema mkewe, bila kuinua uso. "Rudi mlangoni, baba Kidoti. Pita polepole."

Akarudi mlangoni.